Sitara ya Nyumba: Kutoka Kiti cha Kitubio hadi Ruta ya Sebuleni



Ndugu zangu wapendwa katika Kristo, juma lililopita, baada ya sala ya jumuiya ndogondogo hapa Mkoani, mama mmoja alinivuta pembeni. Mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa amemtumia kwa boti kidude cheusi chenye taa nne, ile ruta inayoleta intaneti nyumbani. "Baba Paroko," akaniambia, "chombo kinafanya kazi vizuri, namshukuru Mungu. Lakini aliyenifungia ni kijana wa jirani, na nywila anayo yeye. Mimi mwenye nyumba sina. Mwanangu kwenye simu ananiambia nibadilishe, nami sijui hata pa kuanzia."

Mama huyu ndiye mtunza hazina wa kikoba cha akina mama wa WAWATA, na hesabu zote zimo katika simu yake. Majibu ya vipimo vya mumewe, ambaye ni mgonjwa, humjia kwa simu hiyohiyo. Kijana yule wa jirani ni mtoto mwema, wala hakuna anayemtuhumu. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa na swali moyoni: imekuwaje mwenye nyumba akakosa ufunguo wa mlango wake mwenyewe? Nilipoingia ofisini nikaitazama ruta yetu. Nywila ilikuwa ileile ya kiwandani, tena imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mbele ya kila anayekuja kuandikisha ubatizo au kuomba ushauri wa ndoa. Nikaona haya.

Basi tafakari ya juma hili naitoa katika historia. Nataka tuone namna watu wa zamani, ndani na nje ya Kanisa, walivyojifunza kuilinda siri ya mtu wa kawaida, na somo wanalotuachia kuhusu chombo hiki kipya kilichoingia majumbani mwetu.

SITARA SI NENO GENI KWETU

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya faragha, kwa kuwa analo neno lake la kale: sitara. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa hekima hiyo. Mgeni hupiga hodi, naye hupokewa barazani au katika daka la mlango. Milango ya ndani mara nyingi haikupangwa mstari mmoja na mlango wa nje, ili apitaye njiani asione hadi uani. Mpita njia hakuwa mwovu, wala wenye nyumba hawakuwa na dhambi ya kuficha. Ilikuwa ni heshima tu, na heshima hiyo ilijengwa ndani ya kuta.

Hapa Pemba kwetu, katika magofu ya Pujini karibu na Chake Chake, wenyeji husimulia habari za Mkama Ndume na wake zake wawili, waliotengewa kisima kimoja chenye ukuta katikati ili kila mmoja ateke maji bila kumwona mwenzake. Kama kisa ni kweli au ni hadithi, wenye elimu ya kale wataamua. Mimi nakitazama kwa jambo moja tu: wake wale hawakulazimika kufanya lolote ili wapate faragha. Ukuta ulikuwepo tayari. Aliyekijenga kisima alikwisha kufikiri kwa niaba yao.

Nawasihi mlishike jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha maneno yangu yote. Faragha imara ni ile iliyokwisha kujengwa kabla mtu hajafika, hata yule asiyejua ujenzi akaikuta inamlinda.

KANISA NA WAVU WA KITUBIO

Kanisa nalo lilijifunza somo hili, tena polepole. Mwaka 459 Papa Mtakatifu Leo Mkuu aliwaandikia maaskofu wa sehemu kadhaa za Italia akiwakataza desturi iliyokuwa imezuka, ya kuyaandika makosa ya watubuji katika karatasi na kuyasoma mbele ya watu. Aliona kwamba wengi wangeikimbia toba kwa ajili ya aibu, au kwa hofu ya adui zao kuyatumia makosa hayo dhidi yao. Kwa hiyo akaelekeza kwamba yatosha kuungama kwa siri mbele ya padre. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ukaweka adhabu nzito: padre atakayeifichua dhambi aliyoisikia katika kitubio avuliwe kazi yake ya kipadre na apelekwe monasteri kufanya toba ya maisha yote.

Hata hivyo sheria pekee haikutosha. Sheria humfunga padre, lakini mtubuji bado alipiga magoti mahali pa wazi, akaonekana uso wake na machozi yake. Ndipo katika karne ya 16 Mtakatifu Karoli Boromeo, Askofu Mkuu wa Milano, alipoagiza makanisa ya jimbo lake yawe na kiti cha kitubio chenye ubao na wavu kati ya padre na muungamaji. Maagizo yake kuhusu ujenzi wa makanisa, yaliyotoka mwaka 1577, yalieleza kwa makini vipimo na umbo la kiti hicho. Alikusudia kulinda heshima ya pande zote mbili, ya padre na ya muungamaji, hasa wanawake.

Tazameni hekima ya jambo hili. Bibi kizee asiyejua kusoma, asiyepata kusikia habari za Laterano, anaingia, anapiga magoti, na wavu unamlinda. Haulizwi kama anataka ulinzi. Hafundishwi namna ya kuufunga wavu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 964, bado inaagiza kwamba viti vyenye wavu viwepo mahali pa wazi, ili waamini wanaopenda waweze kuvitumia kwa uhuru. Tena sheria hiyohiyo, katika kanuni ya 220, inasema hairuhusiwi kuivunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kuitaja haki hiyo mwaka 1965, katika hati ya Gaudium et Spes, miongoni mwa mambo ambayo binadamu anastahili kwa sababu tu ni binadamu.

BAHASHA, WAYA WA BAHARINI NA MWALIMU KERCKHOFFS

Nje ya Kanisa mambo yalikwenda njia hiyohiyo. Hadi mwaka 1840 huko Uingereza gharama ya barua ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi na kwa umbali. Aliyeiweka barua yake ndani ya bahasha alilipia karatasi mbili. Kwa hiyo watu wengi waliikunja karatasi yenyewe na kuifunga kwa nta, na mwenye udadisi aliweza kuchungulia ncha zake. Mwaka huo gharama ikaanza kuhesabiwa kwa uzito, na bahasha ikaenea kila mahali. Maskini wakapata sitara ya barua si kwa kuwa walifundishwa umuhimu wake, bali kwa kuwa ilikoma kuwa ghali na kuwa na usumbufu.

Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini hadi Durban. Habari iliyohitaji majuma kadhaa kwa meli sasa ilifika kwa muda mfupi sana. Lakini aliyetaka kupeleka simu alilazimika kumpa karani maneno yake, na karani akayasoma yote, na makarani wengine njiani wakayasoma pia. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa na vitabu vya maneno ya mkato na ya siri. Mtu wa kawaida aliyetaka kuarifu msiba au deni hakuwa na kitabu. Wakati huo faragha ilikuwa mali ya mwenye elimu na fedha.

Miaka minne baadaye, mwaka 1883, mwalimu mmoja wa lugha huko Ufaransa aliyeitwa Auguste Kerckhoffs alitoa makala kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi. Aliweka masharti sita ya mfumo mzuri. Wataalamu hulikumbuka zaidi sharti la pili, kwamba mfumo usitegemee kufichwa kwa namna unavyofanya kazi, hata ukiangukia mikononi mwa adui usilete madhara. Lakini sharti la sita ndilo linalotuhusu leo: mfumo uwe rahisi kutumia, usimchoshe mtu akili, wala usimdai ashike orodha ndefu ya kanuni. Alikuwa akiwafikiria askari waliochoka, walio vitani, wenye baridi na hofu. Alijua kwamba mtu aliyechoka huacha kufunga mlango ulio mgumu kufungwa.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1999, watafiti wawili wa Marekani, Alma Whitten na J. D. Tygar, waliwapa watu 12 programu iliyosifiwa sana ya kufunga barua pepe kwa siri, wakawapa dakika 90. Ni theluthi moja tu waliofaulu. Watatu, kwa kukosea, waliipeleka siri ikiwa wazi kabisa. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoea kutumia barua pepe. Kasoro ilikuwa katika chombo kilichotengenezwa na wataalamu kwa ajili ya wataalamu.

RUTA INAINGIA NYUMBANI

Sasa tuje kwenye kidude chetu. Ruta ni mlinda mlango na mwelekeza njia. Kila ujumbe unaotoka katika simu yako na kila unaoingia hupitia kwake, naye huamua uende wapi. Mwaka 1969, mtandao ambao ndio mzazi wa intaneti ulipoanza huko Marekani, kazi hiyo ilifanywa na mashine kubwa mfano wa jokofu, zilizohudumiwa na wahandisi. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mashine ya namna hiyo itakaa juu ya kabati la vyombo, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu.

Ruta za nyumbani zisizo na waya zilienea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyingi zilitoka kiwandani bila kufuli lolote hewani, na nywila ya kuziongoza ilikuwa neno moja kwa maelfu ya nyumba. Kufuli la kwanza la mawasiliano ya waifai, lililoitwa WEP, lilionekana kuwa dhaifu mwaka 2001, pale Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walipoonyesha jinsi ya kulivunja. Likafuata WPA mwaka 2003, kisha WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Lakini kufuli jipya halimsaidii mtu ambaye hajui kwamba la zamani limevunjika.

Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iliyoitwa WRT54G. Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba ndani yake ilitumia programu huria ya Linux, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza aitoe wazi ili wengine waisome na kuirekebisha. Kampuni ikaitoa. Kutokana na hatua hiyo ukazaliwa mwaka 2004 mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo unawawezesha watu kuondoa programu ya kiwandani katika ruta na kuweka iliyo wazi kwa macho ya wote. Ilikuwa hatua kubwa: kwa mara ya kwanza mwenye nyumba aliweza kujua mlinda mlango wake anafanya nini usiku. Lakini ni mwenye nyumba yupi? Kazi hiyo ilihitaji kuandika amri kwa Kiingereza katika skrini nyeusi, na kosa moja liliweza kukiua chombo kabisa. Mama yetu wa Mkoani asingeweza.

Na uzembe wa wengi ukazaa matunda machungu. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka ulimwenguni ikijaribu majina na nywila za kiwandani zaidi ya 60 katika kamera na ruta za nyumbani. Ilivikusanya vyombo hivyo kuwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likazizuia kwa saa kadhaa tovuti kubwa kama Twitter na Netflix. Mwaka 2018 programu nyingine, VPNFilter, ilikutwa katika vyombo vipatavyo 500,000 katika nchi 54, nayo iliweza kupeleleza yanayopita ndani yake. Wenye nyumba hawakujua lolote. Taa ziliendelea kuwaka kama kawaida.

WALIOKIMBILIA URAHISI WAKAJIKWAA

Ndugu zangu, msidhani kwamba kila kilicho rahisi ni salama. Watengenezaji walikwisha kusikia kilio cha watu, nao mwaka 2007 ruta zikaanza kuwekewa njia ya mkato iliyoitwa WPS: bonyeza kitufe, au andika tarakimu nane tu, simu yako ikaunganishwa. Tarakimu nane zingepaswa kutoa mamilioni ya michanganyiko. Lakini mwishoni mwa mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta ilizikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ilikuwa ya kuhakiki tu, kwa hiyo mwizi alihitaji kujaribu mara 11,000 tu. Mlango ulikuwa rahisi kwa mwenyewe, na rahisi pia kwa mwizi.

Fundisho kubwa zaidi likaja mwaka 2014. Mwaka mmoja kabla, Edward Snowden alikuwa amefichua jinsi mashirika ya ujasusi yalivyokusanya mawasiliano ya watu wengi mno, na ulimwengu ukashikwa na hofu. Ndipo kikatangazwa katika tovuti ya Kickstarter kisanduku kidogo kiitwacho Anonabox: kichomeke tu, wakaahidi, na mawasiliano yako yote yatapita katika mtandao wa Tor na utafichika. Waliomba dola 7,500. Kwa siku chache wakaahidiwa zaidi ya dola 585,000. Kisha wajuzi wakakichunguza. Kifaa kilichodaiwa kubuniwa kwa ajili hiyo kilikuwa bidhaa ya kawaida ya madukani, nacho kilikuwa na nywila kuu iliyo sawa kwa wote na mawasiliano ya waifai yasiyo na kufuli. Kampeni ikasimamishwa mwezi huohuo wa Oktoba.

Naona katika kisa hiki mambo mawili. La kwanza ni kwamba kiu ya watu ilikuwa ya kweli. Maelfu walitoa fedha zao si kwa kupenda uovu, bali kwa kutaka sitara bila kuwa wahandisi. La pili ni kwamba anayemwahidi mtu asiyejua ulinzi kamili kwa kubonyeza kitufe anabeba dhamana kubwa mbele ya Mungu, kwa kuwa aliyedanganyika hana njia ya kumkagua.

Zipo pia juhudi za uaminifu. Mwaka 2010 Profesa Eben Moglen wa New York alitoa wito wa kutengeneza kisanduku cha nyumbani cha uhuru, FreedomBox, ambacho kingehifadhi mambo ya familia chini ya paa lake yenyewe. Ilichukua hadi mwaka 2019 kuanza kuuzwa kikiwa tayari kuchomekwa. Na mwezi Aprili 2016 WhatsApp ilifunga kwa siri mazungumzo ya watumiaji wake wote, watu bilioni moja, bila yeyote kubonyeza chochote. Shangazi zetu waliamka asubuhi wakiwa wamelindwa, kama bibi kizee yule mbele ya wavu wa Mtakatifu Karoli.

AFRIKA MASHARIKI NA SHERIA

Hata kwetu Afrika Mashariki wapo waliofikiri juu ya urahisi. Vijana wa Nairobi waliotokana na Ushahidi, mradi ulioanzishwa mwaka 2008 wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya, walitangaza mwaka 2013 ruta yao iitwayo BRCK. Waliitengeneza kwa mazingira yetu: ina betri ya kuvumilia saa kadhaa umeme ukikatika, inapokea laini ya simu, nayo ilikusudiwa kuunganisha watu bila usumbufu. Hawakuitangaza hasa kuwa chombo cha faragha. Lakini walithibitisha kwamba chombo chaweza kubuniwa kwa kumtazama mtumiaji wa hapa, si wa California. Sisi Wapemba, tuliotegemea jenereta za dizeli hadi waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010, twaielewa hekima ya betri ile.

Sheria nazo zimeanza kuamka. California ilipiga marufuku nywila moja kwa vyombo vyote kuanzia mwaka 2020, na Uingereza kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini niwaonye pia: ruta nyingi za faragha huja na VPN, yaani njia ya siri inayoficha safari ya mawasiliano, na mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wajisajili. Anayetaka kuitumia na auulize kwanza utaratibu. Tunayoyazungumza hapa chini hayahitaji VPN.

"ASIYE NA HATIA HANA LA KUFICHA"

Wapo watakaosema: "Baba, mcha Mungu ana siri gani?" Nawajibu kwa mfano wa Mtakatifu Yosefu. Mwinjili Matayo anatuambia kwamba alikuwa mwenye haki, na kwa sababu hiyo alikusudia kumwacha Maria kwa siri ili asimwaibishe. Kwake haki na usiri vilikwenda pamoja. Usiri ulikuwa vazi la huruma. Naye Bwana wetu alitufundisha kusali tukiwa tumejifungia chumbani. Mlango ule haukufungwa kwa sababu sala ni kosa. Ulifungwa kwa sababu kuna mambo ambayo ni ya mtoto na Baba yake tu.

Ni kweli vilevile kwamba hakuna lililositirika mbele ya Mungu. Ruta iliyofungwa vizuri haimfichi mume anayemdanganya mkewe, wala kijana anayeangalia uchafu usiku wa manane. Tena yale unayoyaandika kwa hiari yako mbele ya ulimwengu, hakuna chombo kitakachokurudishia. Sitara hulinda heshima, haisafishi dhamiri. Dhamiri husafishwa kwingine, nyuma ya wavu ule mwingine.

Na kumbukeni kwamba nyumba yenye mlango wazi haimhatarishi mwenyewe tu. Hesabu za kikoba ni za akina mama 20. Majibu ya hospitali ni ya mgonjwa. Maneno ya wanandoa waliokuja ofisini kwangu si yangu. Siri nyingi tulizo nazo ni amana za jirani.

TUFANYE NINI?

Nilirudi kwa mama yule pamoja na kijana aliyemfungia ruta. Tulikaa saa moja. Nawaandikia tuliyoyafanya, kwa maneno mepesi.

Kwanza, ruta ina funguo mbili, si moja. Upo ufunguo wa kuingia katika waifai, na upo ufunguo wa kuiongoza ruta yenyewe. Wengi hubadilisha wa kwanza na kuusahau wa pili. Badilisheni zote mbili, tena zisifanane. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa.

Pili, andika nywila katika daftari na uliweke kabatini pamoja na vyeti vya ndoa na ubatizo. Karatasi iliyofichwa nyumbani si kosa. Iliyobandikwa ukutani ndiyo kosa, nami nimekwisha kuungama langu.

Tatu, chagueni kufuli la WPA2 au WPA3, na mzime ile njia ya mkato ya WPS.

Nne, ruta nyingi zina sehemu iitwayo mtandao wa wageni. Hiyo ndiyo baraza yetu! Mgeni apokewe kwa ukarimu pale, bila kupitishwa hadi chumba cha ndani.

Tano, ruhusuni chombo kijisasishe chenyewe kama kinaweza. Ni kama kubadilisha bawaba zilizoshika kutu.

Sita, na hili nawaambia vijana: mnapomsaidia mzee, mweke vidole vyake yeye juu ya skrini, si vyenu. Mwacheni achague nywila mwenyewe nanyi mgeuze uso. Kijana wetu alifanya hivyo. Alisimama akatoka nje barazani mama alipokuwa akiandika, na mama akamwita arudi akisema, "Sasa karibu mwanangu, piga hodi uingie." Tulicheka sote. Lakini mimi niliona pale somo lililowachukua wajuzi miaka mingi kulitambua: mwenye nyumba amepata ufunguo wake, na jirani amebaki jirani.

Siku bado zaja ambapo ruta zote zitatoka kiwandani zikiwa zimefungwa salama, kwa lugha yetu, na mama kama huyu hatahitaji kumvuta padre pembeni. Tuwadai watengenezaji na wauzaji jambo hilo bila kuchoka. Hadi hapo, tubebane.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa nyumba ya Nazareti, atuombee tuwe walinzi waaminifu wa nyumba zetu na wa siri tulizokabidhiwa. Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.